Maji Hulowesha, Barafu Hulowa

Swali la iwapo maji yenyewe yamelowa, na iwapo barafu ihesabiwe miongoni mwa vitu vilivyolowa au miongoni mwa vikavu, husikika zaidi vijiweni na katika madarasa ya sekondari kuliko katika vikao vya wataalamu, na mara nyingi huishia kwenye kicheko kwa sababu kila upande huamini kwamba jibu lake liko wazi kiasi cha kutohitaji ushahidi. Hata hivyo, swali hilo lina mizizi katika falsafa ya Ugiriki ya kale, katika fikihi ya Kiislamu na katika fizikia ya karne mbili zilizopita, na majibu yake yamezaa kanuni ambazo leo hutumiwa na muuguzi anayesafirisha chanjo, mchuuzi anayehifadhi samaki na mkulima anayenyunyizia dawa kabichi zake. Wanaolipuuza hudhani kuwa ni ubishi wa maneno matupu, ilhali ndani yake mna swali la kweli kuhusu maumbile: je, kulowa ni sifa ambayo kitu huwa nayo kikiwa peke yake, au ni hali inayotokea pale tu vitu viwili vinapokutana?

Jibu la wanafalsafa

Aristotle, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alichagua jibu la kwanza. Katika kitabu chake kinachohusu kutokea na kuharibika kwa vitu, alieleza kwamba vitu vyote vya duniani vimetokana na asili nne, yaani moto, hewa, maji na udongo, na kwamba kila asili hubeba sifa mbili kati ya nne za msingi, ambazo ni joto, baridi, unyevu na ukavu. Kwake, kitu chenye unyevu ni kile kisichojiwekea mpaka wake chenyewe bali hufuata kwa urahisi umbo la chombo kilichokibeba, na kikavu ni kile chenye mpaka wake, ambacho ni shida kukilazimisha kufuata umbo la kingine. Kwa kipimo hicho maji yana unyevu kwa asili yake hata yasipogusa chochote, na hewa nayo inao, jambo linalomshangaza msomaji wa leo, ilhali maji hayohayo yakishaganda huangukia upande wa ukavu kwa kuwa kipande cha barafu husimama kwa umbo lake chenyewe.

Mafundisho hayo yalichukuliwa na kuendelezwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, na kupitia vitabu vya tiba vya Kiarabu yakafika katika pwani ya Afrika Mashariki, ambako baadhi ya waganga wameendelea kuvipanga vyakula na maradhi kwa kufuata joto na baridi yake. Udhaifu wa kipimo cha Aristotle ni kwamba kinachanganya mambo mawili yasiyolazimika kwenda pamoja, yaani uwezo wa kitu kumiminika na hali ya kitu kuwa na majimaji juu yake. Mchanga mkavu wa ufukweni hufuata umbo la ndoo bila kumlowesha anayeuteka, na zebaki, ile metali ya majimaji iliyokuwa ikitumika katika vipimajoto, humiminika kama maji lakini ikimwagwa juu ya kioo hujikusanya kuwa vidonge vinavyobingirika na kukiacha kioo kikiwa kikavu kama kilivyokuwa.

Jibu la mafakihi

Wanazuoni wa fikihi hawakuwa na haja ya kujua asili ya maji kama wanafalsafa, kwa kuwa walichohitaji ni kanuni za kumwezesha Mwislamu kujua lini twahara yake imesihi, lakini kwa sababu hiyohiyo walilazimika kuwa waangalifu zaidi kuhusu yale yanayotokea pale maji yanapogusa kitu. Matini ya Abu Shujaa, ambayo ni miongoni mwa vitabu vya wanaoanza kusoma fikihi ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, inataja maji saba yanayofaa kwa twahara: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Theluji na barafu zimo katika orodha hiyo kwa kuwa asili yake ni maji, lakini mafakihi hawakuishia hapo, bali waliuliza iwapo mtu anaweza kutawadha kwa kujipaka theluji ambayo bado haijayeyuka.

Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye aliishi katika nchi ya Shamu inayopata theluji wakati wa baridi, aliijibu mas'ala hiyo kwa kutofautisha kuosha na kupaka. Viungo vinavyopasa kuoshwa, kama uso na mikono, haviwi vimeoshwa mpaka theluji iyeyuke na maji yake yatiririke juu yake, lakini kwa kiungo kinachopasa kupakwa tu, kama kichwa, unyevu unaoachwa na theluji unatosha. Katika mlango wa najisi pia, wanazuoni wanaeleza kwamba kikavu kikigusana na kikavu unajisi hauhami, na kwamba huhama pale ambapo kimoja kati ya viwili hivyo kina umajimaji. Katika kanuni zote hizo, kinachotazamwa ni kile ambacho kimefika juu ya kingine na kubaki pale, na kwa hiyo kulowa kunachukuliwa kuwa tukio kati ya vitu viwili, miaka mia kadhaa kabla ya wanafizikia kulipatia tukio hilo vipimo.

Jibu la fizikia

Vipimo hivyo vilianza kupatikana mwaka 1805, wakati daktari na mwanafizikia wa Uingereza, Thomas Young, alipochapisha insha yake kuhusu mshikamano wa vimiminika. Mshikamano ni nguvu inayozivuta pamoja molekuli za aina moja, yaani zile chembe ndogo kabisa za dutu ambazo bado zina tabia ya dutu hiyo, na ndiyo inayolifanya tone la maji lijiviringishe badala ya kutawanyika. Nguvu hiyo ikitazamwa kwenye uso wa kimiminika huitwa mvutano wa uso, na kwa maji yenye joto la nyuzi 25 kipimo chake ni karibu milinyutoni 72 kwa kila mita, kiwango kikubwa kuliko cha vimiminika vingi vya kawaida kwa kuwa kila molekuli ya maji hushikana na jirani zake kwa vifungo vya hidrojeni. Kinyume cha mshikamano ni mnaso, yaani nguvu inayoivuta molekuli ya kimiminika kuelekea kwenye molekuli za kitu kingine inachokigusa, na kulowa ni matokeo ya mashindano ya nguvu hizo mbili.

Young alionyesha kwamba mshindi wa mashindano hayo anaweza kutambuliwa kwa kutazama pembe ya mgusano, yaani pembe ambayo ukingo wa tone huifanya na uso wa kitu kigumu ulichokalia. Tone la maji likiwekwa juu ya kioo kisafi hulala na kuenea mpaka pembe yake inakaribia sifuri, kwa sababu mnaso umeushinda mshikamano. Likiwekwa juu ya nta huinuka na pembe yake huvuka nyuzi 90, na hapo wataalamu husema kwamba kitu hicho hakilowi vizuri. Zebaki juu ya kioo hufanya pembe ya karibu nyuzi 140, na ndiyo sababu hukiacha kikavu ingawa nayo ni kimiminika.

Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki ni jani la mjimbi, mmea ambao mizizi yake huitwa nduma nchini Kenya. Mvua inapolipiga jani hilo, matone hayaenei wala hayanati, bali hubaki mviringo kamili yenye mng'ao wa fedha, huteleza kwa mtikisiko mdogo kuelekea kitovu cha jani, na yanapodondoka huondoka na vumbi lililokuwa juu yake, huku sehemu yalipopita ikibaki haina hata alama ya maji. Mwaka 1997 wataalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis, walieleza siri ya majani ya namna hiyo baada ya kuyachunguza kwa hadubini: uso wake umejaa vinundu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo vimefunikwa kwa fuwele za nta, hivyo tone hukalia ncha za vinundu hivyo na hewa iliyonaswa katikati yake, na pembe ya mgusano huvuka nyuzi 150. Jani la mjimbi linaweza kunyeshewa mchana kutwa na bado likawa kavu, jambo linalothibitisha kwamba kugusana na maji peke yake hakutoshi kukifanya kitu kilowe, na kwamba maji hayana ndani yake sifa ya kulowesha kila yanachokigusa.

Je, maji hujilowesha yenyewe?

Wanaoshikilia kwamba maji yamelowa wana hoja moja nzito, nayo ni kwamba kila molekuli ya maji imezungukwa na molekuli nyingine za maji zilizoishika, kwa hiyo kama kulowa ni kushikwa na maji, basi hakuna kilicholowa kuliko maji yenyewe. Hoja hiyo inaweza hata kupewa sura ya hesabu kwa kutumia kazi ya Mfaransa Athanase Dupré, ambaye katika karne ya 19 alihusisha pembe ya mgusano na kazi inayohitajika kukibandua kimiminika kutoka kwenye uso kilichoushika. Iwapo kazi ya kuyabandua maji kutoka kwenye kitu fulani ni sawa na kazi ya kuyatenganisha maji na maji, hesabu hutoa pembe ya sifuri, yaani kulowa kukamilifu, na kwa kuwa maji kwa maji ni sawa kwa ufafanuzi, huonekana kana kwamba maji yanajilowesha yenyewe bila dosari.

Hata hivyo, hesabu hiyo inahitaji mpaka, kwa maana kwamba lazima kuwe na uso wa kitu kimoja, kimiminika kilichoukalia, na hewa au mvuke unaovizunguka, ndipo ukingo wa tone uwepo na pembe ipimwe. Tone moja la maji likiangukia jingine, uso uliokuwa kati yake hutoweka na yote mawili huwa tone moja, hivyo hakuna tena kilicholoweshwa wala kilicholowesha, bali kuna maji mengi zaidi. Kuhusu molekuli moja moja, hizo hazina uso wa kulowa kwa maana inayokusudiwa mtu anaposema kwamba shati au ukuta umelowa, kwa kuwa kulowa, kama lilivyo joto la mwili au ugumu wa jiwe, ni jambo la mkusanyiko mkubwa wa molekuli na halina maana likihamishiwa kwenye chembe moja. Kwa mantiki hiyo maji ni kisababishi cha kulowa, wala hayawezi kuwa yenyewe ndiyo yaliyopatwa na jambo hilo.

Barafu kavu na barafu iliyolowa

Barafu ina habari tofauti kabisa, kwa sababu ni kitu kigumu chenye uso wake, na uso huo unaweza kubeba maji kama unavyobeba uso wa jiwe. Kipande kinachoelea ndani ya glasi ya maji kimelowa bila ubishi, na kilichoachwa juu ya meza katika joto la Dar es Salaam hulowa kwa maji yake chenyewe yanayoyeyuka pamoja na mvuke wa hewani unaogeuka matone unapokutana na baridi yake. Kinyume chake, barafu ya jokofu lenye nyuzi 18 chini ya sifuri ni kavu kiasi kwamba ndiyo inayotafuta maji ya kugandisha: barafu ya ubuyu inayouzwa kwa watoto, ikitoka tu jokofuni, hunata kwenye ulimi kwa sababu baridi yake huyagandisha mate na kuyafanya kuwa daraja kati ya ulimi na barafu, na baada ya muda mfupi, uso wake ukishapata joto na kulowa, huacha kunata na kuanza kuteleza.

Kati ya hali hizo mbili kuna ya tatu, ambayo iligunduliwa kwa hatua. Mwezi Juni 1850, mwanasayansi Michael Faraday alieleza mbele ya wasikilizaji wa Royal Institution jijini London kwamba vipande viwili vya barafu inayoyeyuka vikigusanishwa huungana na kuwa kimoja, na akapendekeza kwamba uso wa barafu hufunikwa na utando mwembamba wa maji, ambao hubaki maji ukiwa na hewa upande mmoja lakini huganda ukibanwa na barafu pande zote mbili. Wakati huo wengi waliyapendelea maelezo ya wanasayansi James Thomson na ndugu yake William, waliokuwa wameonyesha kwamba shinikizo hushusha kiwango cha kuyeyuka cha barafu, na maelezo hayo yakatumiwa kwa miaka mingi kueleza kwa nini viatu vya kutelezea huteleza. Lakini shinikizo la angahewa moja hushusha kiwango hicho kwa chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi moja, kiasi kisichotosha kuyeyusha barafu yenye baridi kali chini ya miguu ya mtu, na mwaka 1939 watafiti Frank Bowden na T. P. Hughes walionyesha kwamba joto la msuguano lina mchango mkubwa zaidi.

Vipimo vya miale ya eksirei na vya leza vilivyofanywa kuanzia mwishoni mwa karne ya 20 vimeipa nguvu hoja ya Faraday. Molekuli iliyo katikati ya barafu imeshikwa na majirani wanne, lakini iliyo juu kabisa hukosa baadhi yao, hivyo huwa na uhuru wa kusogea, na hata katika baridi ya nyuzi kadhaa chini ya sifuri tabaka la juu huwa si gumu kamili wala si maji kamili. Unene wake ni nanomita chache tu, nanomita ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na hukua kadiri joto linavyokaribia sifuri. Barafu iliyo karibu na kiwango cha kuyeyuka, kwa hiyo, huwa imelowa hata kabla ya kuyeyuka, na iliyo kwenye baridi kali huwa kavu.

Ushahidi mkubwa wa barafu kavu uko Kilimanjaro. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya kilele cha Kibo tarehe 11 Mei 1848 na kuandika habari zake, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London alikanusha kwamba theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta, ingawa Rebmann aliandika kwamba wenyeji walijua kuwa kitu hicho cheupe kikishushwa bondeni huwa maji. Kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima huo ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na sehemu ya upotevu huo haikupitia katika hali ya maji hata kidogo. Kileleni, ambako wastani wa joto ni karibu nyuzi 7 chini ya sifuri na hewa ni kavu, barafu iliyolala tambarare hugeuka mvuke moja kwa moja, ilhali kuta zake za wima ndizo huyeyuka zinapopigwa na jua. Kuigeuza kilo moja ya barafu kuwa mvuke kwa njia hiyo huhitaji nishati zaidi ya mara nane ya ile inayotosha kuiyeyusha, hivyo barafu inayotoweka ikiwa kavu hutoweka polepole kuliko ambavyo jua hilohilo lingeweza kuiyeyusha.

Ngozi haijui maji

Sababu moja inayoufanya ubishi huu usiishe ni kwamba binadamu huiamini ngozi yake kuwa shahidi, ilhali ngozi hiyo haina kipokezi cha kutambua maji. Wadudu wengi wana vipokezi vya unyevu kwenye papasi zao, lakini binadamu hukadiria ulowevu kwa kuunganisha habari za baridi na za mguso, jambo ambalo mwanasaikolojia I. M. Bentley alilionyesha kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1900, na ambalo watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough nchini Uingereza walilithibitisha katika muongo uliopita walipogusisha vitu vikavu vilivyopozwa kwenye ngozi za watu na wakaambiwa kwamba vimelowa. Ndiyo maana anayeanua nguo jioni yenye upepo wa baridi hushindwa kujua kama zimekauka au bado ni mbichi mpaka azisugue au aziweke shavuni. Hisia ya mkono uliotiwa ndani ya maji ni ya kweli, lakini inaeleza hali ya mkono uliolowa, wala haielezi hali ya maji.

Faida ya kutofautisha

Muuguzi anayepeleka chanjo kijijini hufundishwa kutoweka ndani ya kasha la chanjo vichupa bapa vya barafu mara tu vinapotoka jokofuni, kwa kuwa chanjo kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B huharibika zikiganda. Huviacha nje mpaka akivitikisa asikie maji yakicheza ndani, dalili kwamba barafu imefika nyuzi sifuri na imeanza kulowa. Jasho linaloonekana nje ya vichupa hivyo hutokana na mvuke wa hewani, ndiyo maana sauti ya maji ya ndani ni ushahidi bora kuliko ulowevu wa nje.

Katika masoko ya samaki kama Feri jijini Dar es Salaam, barafu iliyopondwa na inayoyeyuka hupoza samaki vizuri kuliko mabonge makavu, kwa kuwa maji yake hujaza nafasi zilizo kati ya barafu na samaki, hubeba joto, na yakiachiwa njia ya kutoka huondoka na ute pamoja na bakteria. Naye mkulima wa kabichi, ambayo majani yake yana nta, hupoteza dawa ikiwa haina kiambato cha kuinatisha, kwa sababu matone hubingirika na kuanguka ardhini, na kazi ya kiambato hicho, kama ilivyo ya sabuni, ni kuupunguza mvutano wa uso wa maji ili jani likubali kulowa.

Hukumu inayotokana na ushahidi huo ni kwamba maji hayajalowa, kwa kuwa kulowa ni hali ya kitu chenye uso ambao kimiminika kimeukalia na kunasa, na maji hayawezi kuwa kinachokaliwa na kinachokalia kwa wakati mmoja. Barafu inaweza kulowa au kuwa kavu kulingana na joto lake, na hulowa kwa maji yake yenyewe kabla hata ya kuletewa ya kisimani. Walimu wa sayansi wanaokutana na swali hili darasani wana kila sababu ya kulipa kipindi kizima, kwa kutumia jani la mjimbi, kipande cha kioo na barafu iliyotoka jokofuni, kwa kuwa vifaa hivyo vitatu vinatosha kumwonyesha mwanafunzi tofauti kati ya kugusa maji na kulowa.